Ilipofika Herufi T

Katika ofisi ile hakuna aliyehesabu miaka, walihesabu herufi. Ukimuuliza msahihishaji wa prufu mwanawe wa kwanza alizaliwa lini, atakujibu, "Mwishoni mwa G," na wenzake wote watatikisa vichwa, kwa sababu wanalikumbuka joto la kipindi kile na jinsi neno "gubu" lilivyowagombanisha mpaka watu wakanuniana kweli. Kazi yao ilikuwa kutunga kamusi, kubwa kuliko zote zilizotangulia, na walianzia A.

Kwa kalenda hiyo, Bi Maana aliajiriwa wakati wa D, akapenda wakati wa K, akaolewa mwanzoni mwa M, akaachika katikati ya S. Sasa ilikuwa T, na asubuhi hiyo neno la kusomwa mezani lilikuwa "talaka". Angeweza kuugua. Watu huugua kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini yeye alipiga pasi blauzi yake, akanywa chai, akaanza kutafuta viatu.

Bi Maana si jina alilopewa na wazazi. Aliitwa hivyo kazini kwa kuwa ndiye aliyeandika maana za maneno. Mwanaume aliyemuoa kisha akamwacha alikuwa palepale ofisini, akitafuta maneno yametoka wapi, naye wakamwita Bwana Asili. Watani walisema siku ya harusi kwamba ndoa ile haina wasiwasi, maana na asili hazitengani katika kamusi yoyote. Zikatengana. Tangu S, Asili alihamia chumba cha juu, na kazi yake ikawa inateremka kwenye bahasha.

"Jioni nakupitia kazini," shangazi alimwambia asubuhi hiyo. Ndiye aliyemlea. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na futi yake ya kitambaa haikubanduka shingoni hata mezani. "Wale watu wa posa wanakuja saa moja kusikia jibu lao. Nimeshawazungusha vya kutosha."

"Nimekusikia, shangazi."

"Mpima macho ni mtu mzima. Ana kwake, ana kazi yake, hapigi kelele. Tena hana mama. Mungu amrehemu marehemu, lakini mimi nilipoambiwa hana mama nilivuta pumzi."

"Shangazi!"

"Nini? Wewe hukuachwa na mume, uliachwa na mkwe." Akaweka mkasi chini. "Unampenda?"

"Simchukii."

"Basi hapo ni pa kuanzia. Ukisema ndiyo, ndiyo. Ukisema hapana, uniletee na sababu, maana mimi sababu za kuwapa watu zimeniishia."

Bi Maana hakuwa na sababu. Mpima macho alikuwa mtu mwema, na mtu hakataliwi kwa wema. Kilichomkwamisha kilikuwa kitu kingine kabisa. Siku aliyoomba talaka, mumewe alichukua kalamu akaiandika, talaka moja, hapohapo, bila hata kuuliza kulikoni. Kwa nini? Swali hilo alikuwa analala nalo na kuamka nalo, na alijua akiolewa nalo atakwenda nalo mpaka kwenye kitanda cha mwanaume mwingine. Alitaka kulijibu kabla ya saa moja jioni. Kulijibu ilibidi amuulize yule yule ambaye yeye Bi Maana alikuwa ameapa hatamsemesha.

* * *

Siku ya kusoma ilikuwa na taratibu zake. Wote waliketi kwenye meza moja ndefu, Mhariri Mkuu kichwani. Huyu alikuwa mama mmoja mnene, mpole mpaka mjadala ulipomchosha, hapo husema "Nukta," na neno limekwisha. Ndiyo maana wakamwita Bibi Nukta. Mwandishi wa maana alisoma alichoandika. Asiyekubali aligonga meza kwa penseli yake, na penseli ikishagonga kazi inasimama, hakuna kusonga mbele mpaka aliyegonga atoe sababu asikilizwe. Ikitokea ugomvi ni wa maana na asili, wahusika wawili waliingizwa chumba cha kadi, na chai hawanywi mpaka watoke na sentensi moja.

Asili aliteremka akiwa wa mwisho. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni shati. Bi Maana alilitazama shati, hakumtazama mwenye shati. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa buluu badala ya mweupe. Alikishona yeye mwenyewe wakati wa P, umeme ukiwa umekatika. Mpaka leo mtu huyu hajakibadilisha, aliwaza, na akakasirika, hakujua kwa nini.

"Habari za asubuhi," Asili alisema kwa meza nzima.

"Nzuri," meza nzima ilijibu, isipokuwa mtu mmoja.

"Takwimu" ilipita bila tabu. Msahihishaji, ambaye kwa mapenzi yake ya alama walimwita Koma, aligonga mara moja tu. Kisha Bibi Nukta akafungua ukurasa uliofuata, akakohoa. "Talaka. Bi Maana, tusomee."

Bi Maana alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea takwimu.

"Talaka. Nomino. Tamko au hati ya mume ya kumwacha mkewe na kuivunja ndoa. Mfano: Alimpa talaka bila kumuuliza neno."

Penseli iligonga. Haikuwa ya Koma.

Wote waligeuka. Tangu A, Asili hakuwahi kugongea mfano. Mifano haikuwa kazi yake.

"Sababu?" aliuliza Bibi Nukta.

"Mfano si wa kweli."

"Mfano hauwi wa kweli wala wa uongo, Bwana Asili. Unatakiwa uwe wa kawaida tu. Kwani wanawake hawapewi talaka bila kuulizwa?"

"Wanapewa. Ila huyu... huyu aliomba."

Koma aliinamia karatasi yake, akaanza kutafuta kosa ambalo halikuwepo.

"Nani aliomba?" alisema Bibi Nukta. "Mbona mimi kwenye sentensi sijaona mtu anaomba?"

"Hayumo," alisema Bi Maana.

"Ndicho nilichogongea," alisema Asili.

Bibi Nukta alivua miwani, akawatazama mmoja mmoja kama mzazi anayetafuta nani kavunja glasi. "Chumba cha kadi. Wote wawili. Nukta."

* * *

Chumba cha kadi kilikuwa chembamba, kimejaa makabati ya droo ndogondogo za chuma, na ndani ya kila droo kadi za maneno zimebanana. Dirisha halikufunga vizuri. Stuli zilikuwa mbili, moja ikiwa na mguu mfupi. Wakati wa K walizoea kugombania ile mbovu, kila mmoja akitaka mwenzake akae vizuri. Leo Asili aliikalia mwenyewe.

"Haya," alisema Bi Maana, "sema asili yako tuiandike, tutoke."

"Neno lenyewe ni la Kiarabu. Mzizi wake ni kufungua, kuachia. Walilitumia hata kwa ngamia..."

"Nilijua tu tutafika kwa ngamia."

"...ngamia jike aliyefunguliwa kamba akaachwa ajiendee malishoni. Hakuna kuvunja mle ndani. Hakuna kutupa."

"Na huyo ngamia aliulizwa kama anataka kwenda?"

Asili alikuna ndevu zake. "Vitabu havisemi."

"Basi mfano wangu ubaki ulivyo."

"Maana." Alimwita bila Bi, kama zamani. "Wewe uliomba. Kwa mdomo wako. Ulisimama pale mlangoni, hukulia, hukupiga kelele, ukasema, naomba talaka yangu."

"Na wewe ukachukua kalamu."

"Nikachukua kalamu."

"Hata 'kwa nini' ilikushinda?" Sauti ilimpanda, akaishusha, upande wa pili wa ukuta watu walikuwa kimya mno kwa watu wanaofanya kazi. "Mtu akija hapa kuomba kadi ya tango, tango hili la kula, utamhoji mpaka ajute. Mke anaomba talaka, unamwandikia kama unamwandikia risiti! Niambie leo. Kwa nini hukuniuliza?"

Asili alizungusha penseli vidoleni. "Unaikumbuka siku ya 'dhalili'?"

Aliikumbuka. Mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea, nyumba imejaa wageni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Nyumba hii kila ukigeuka kamusi, mtoto huoni." Wageni walipoondoka, Bi Maana alimwambia mumewe kwamba mama yake amemdhalilisha. Asili, kwa nia njema kabisa, akitaka kumpoza, alimweleza neno "dhalili" limetokea wapi na limebadilikaje safarini. Bi Maana alimrushia dodoki la kuoshea vyombo, na maji yake. Tangu aolewe na huyu mtu, kila alichokisema yeye kilifukuliwa kama kiazi! Akamwapisha palepale, povu likiwa bado kwenye ndevu: kuanzia leo nikisema neno, lichukue lilivyo, usichimbe chini yake. Asili aliapa. Na Asili, kwa kasoro zake zote, alikuwa mtu wa kushika kiapo.

"Uliniapisha," alisema sasa. "Nikawa najikaza. Ukisema umechoka, nakubali umechoka. Ukisema huna neno, nakubali huna neno. Ukaja ukasema unaomba talaka. Nikajiambia, huyu mwanamke amelia nawe muda wote kwamba humsikilizi. Leo msikilize."

Bi Maana aliitazama penseli ikizunguka. Ilimuuma, tena ilimuuma kuliko siku yenyewe, kwa sababu siku ile alikuwa na mtu wa kumlaumu.

"Mama yako alikuwa sebuleni," alisema hatimaye.

"Nilimwona."

"Nilisema vile ili asikie. Nilitaka asikie ukikataa. Basi. Ungesema hapana moja tu, mimi ningerudi jikoni nikapika hata kwa wiki nzima, na maneno yake yote yangenipita pembeni."

"Nilidhani unataka asikie nimekutii."

"Mwanaume mzima!"

"Mwanaume mzima," Asili alikubali.

Upepo wa dirishani ulipeperusha kadi moja ikaanguka sakafuni. Wote wawili waliinama, mikono ikakutana juu yake, na hakuna aliyeharakisha kuuondoa wake. Ilikuwa mikono inayojuana. Bi Maana ndiye aliyetangulia kujikumbuka.

"Nilipoondoka, mama yako alisema nini?"

"Hakusema. Alipika siku nzima. Mimi sikula."

"Muongo. Wewe ukatae chakula?"

"Nilikula kidogo."

Alicheka bila kutaka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Hapo simu ikalia mkobani, na chumba kilivyo kidogo, sauti ya shangazi iliwafikia wote wawili.

"Nimewahi, nimeshafika hapa chini. Mashine leo imenigomea, nikaona nije tu. Hebu toka mapema, ukapumzishe uso kabla wageni hawajaja. Nimekutolea ile nguo ya kijani."

"Nakuja, shangazi."

Alipokata, Asili alikuwa anamtazama. "Wageni gani?"

"Nimeposwa." Alisema kama anavyosoma mezani. "Ni mpima macho. Leo jioni wanataka jibu."

"Unampenda?"

"Simchukii."

"Hiyo si maana ya neno."

"Usinifundishe kazi yangu."

Asili aliinamisha kichwa. Kifungo cha uzi wa buluu kilipanda na kushuka kifuani pake. "Ni mtu mzuri?"

"Mzuri. Hana mama."

"Basi hapo sina la kushindana," alisema, akijaribu kutabasamu, na tabasamu likamshinda.

Bi Maana alimsubiri. Alimwachia nafasi kubwa, pana, ambayo mtu mwingine yeyote angejitupa ndani yake. Asili aliikunja ile kadi iliyoanguka, akaikunjua. Alikuwa na jambo kooni, ilionekana wazi, lakini alikuwa mtu wa kulitafutia neno lake ushahidi kwanza. Bi Maana akavuta kadi mpya. Akaandika sentensi moja, akaisukuma mbele yake.

Asili aliisoma muda mrefu kuliko urefu wake. Kisha akatia sahihi chini.

* * *

Bibi Nukta aliisomea meza.

"Mfano: Aliomba talaka akitumaini atanyimwa."

Hakuna penseli iliyogonga. Koma, ambaye siku zote hukosa usingizi kwa alama moja, alisema polepole, "Haihitaji hata koma."

"Inaeleweka," alisema Bibi Nukta. "Hata asiyewajua wenyewe ataielewa. Kanyweni chai."

Bi Maana hakwenda kwenye chai. Alikuwa amepata alichokitaka: swali lilikuwa limejibiwa, na jibu lilikuwa la kijinga na la kusikitisha kama mambo mengi ya kweli. Angeweza kuondoka akiwa mwepesi. Alikusanya vitu vyake. Alipoinua uso, shangazi alikuwa amesimama mlangoni, futi shingoni, ameshachoka kusubiri chini.

"Shikamoo, shangazi," alisema Asili, akisimama.

"Marahaba. Bado unachimba?" Shangazi hakungoja jibu. "Mwanangu, twende. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kwaherini," Bi Maana aliwaambia wote. Akamgeukia yeye. "Kwaheri, Bwana Asili."

Alisubiri kidogo, kiasi cha mtu kufunga zipu ya mkoba, na zipu yenyewe ilikuwa imeshafungwa. Asili alimtazama kama anayetazama basi likiondoka na mzigo wake. Basi. Bi Maana akampa kisogo, akapiga hatua kuelekea mlangoni.

Penseli iligonga meza.

Shangazi aligeuka. "Huyo anagonga nini?"

"Anapinga, mama," alisema Koma, kikombe kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Anapinga nini? Nani kamuuliza?"

"Hapa haulizwi mtu. Anagonga tu."

Bi Maana alikuwa bado amewapa mgongo. Moyo ulimpiga kwa nguvu hata akaona aibu, mtu wa umri wake. Aliuliza kama alivyouliza maelfu ya mara mezani pale.

"Sababu?"

Watu wote walimtazama Asili, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba wataanza na ngamia.

"Sitaki uende," alisema Asili. "Sina asili yake. Sitaki tu. Nilitakiwa niseme hivi siku ile, mama akiwa sebuleni, sikusema. Nasema leo mbele ya watu. Nakupenda, na talaka ile sikuitaka, na mama yangu nitamwambia mwenyewe, leo, kwa mdomo wangu, kabla wageni wenu hawajabisha hodi."

Hakuna aliyekunywa chai. Bibi Nukta alifungua mdomo, kila mtu akasubiri lile neno lake la kufunga mjadala, naye akaufunga bila kulisema.

Shangazi alimshika Bi Maana kiwiko. "Maneno haya yalikuwa wapi siku zote? Twende zetu. Mimi wale watu nitawaambia nini?"

"Utawaambia hapana."

"Hapana! Unataka kumrudia huyu?"

"Sijasema namrudia. Nataka kumsikiliza." Bi Maana aligeuka hatimaye, akamtazama mwenye shati, si shati. "Asubuhi uliniambia nikikataa nikuletee sababu. Ndiyo ile imesimama pale, imeshika penseli."

"Mwanangu..."

"Vuta kiti, shangazi," alisema Bi Maana, akiuweka mkoba wake mezani. "Hapa kwetu mtu akigonga, kazi inasimama mpaka asikilizwe."

Shangazi aliitazama saa ya ukutani. Akautazama uso wa mtoto aliyemlea, ambao hakuwa ameuona hivyo tangu M. Akaivua futi shingoni, akavuta kiti.